Mama Enock na Mashine Iliyovishwa Kitambaa

"Mama Enock, hivi hiyo kompyuta unaifuga au unaikaanga?"

Aliyeuliza hivyo ni Zamda, jirani wa ukuta kwa ukuta pale Kilole, mjini Korogwe, muuza vitumbua, mwenye ulimi ambao tangu azaliwe haujawahi kuugua hata mafua. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli tupu, amekuja kuazima unga, akamkuta Asnath Semboja amekaa sakafuni katikati ya nyaya. Mbele yake kulikuwa na boksi la bati lililovuliwa ubavu mmoja, ndani kunaunguruma na kutoa joto kama jiko lililofunikwa kwa majivu.

"Naitengeneza," Asnath akasema.

"Ikishapona itakula nini?"

"Umeme."

"Si bora ungenunua mbuzi? Mbuzi anakula majani, na Krismasi unamla yeye."

Asnath akainuka, akampimia unga, akarudi kukaa. Moyoni alijisemea kwamba mwanamke huyu ana simu tatu zilizokufa ndani ya kopo la majani ya chai, na katika mojawapo kuna harusi nzima ya binti yake, kuanzia kutoa posa hadi keki, na bado anapata nguvu ya kuja kumhubiria mtu habari za mbuzi. Kisha akamwomba Mungu msamaha kwa mawazo hayo, akaendelea kukaza skrubu.

Asnath alikuwa na miaka hamsini na minne. Alizaliwa Lutindi, juu milimani, akasoma huko hadi darasa la saba, akaolewa Handeni, akazaa mtoto mmoja, Enock, ambaye sasa ni mtu mzima na anauza mbao Mkumbara. Mumewe alihamia kwa mwanamke wa Segera siku nyingi zilizopita na Asnath hakumfuata, wala hakumwita. Aliteremka Korogwe akatafuta kazi, akaipata kwa Mzee Awadhi, mwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua karibu na stendi. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia, kupiga deki, kufuta vumbi kwenye kompyuta na kuchemsha chai. Aliifanya kwa miaka kumi na mmoja bila kukosa siku, isipokuwa za misiba.

Kila mwezi alikuja pale fundi wa kompyuta kutoka Handeni, jina lake Jabiri, mtu wa maneno mengi. Jabiri alipofungua mashine alihitaji mtu wa kumshikia tochi, na wafanyakazi wengine, wale wenye vyeti, waliona kushika tochi ni kazi ya mfagiaji. Basi Asnath alishika tochi miaka kumi na mmoja. Wenye vyeti hawakujua kwamba anayeshika tochi ndiye anayeona kila kitu, maana kazi yake ni kuona tu. Jabiri naye alikuwa hawezi kukaza skrubu bila kueleza kwa nini anaikaza. Asnath akawa na daftari lake, akichora: hapa feni, hapa diski, hapa waya wa moto. Mwishoni mwa miaka hiyo wenye vyeti walikuwa bado wanampigia Jabiri simu waulize kwa nini mashine haiwaki, na Asnath anapita na ufagio anawaambia, "Hamjachomeka."

Lakini kujua ni kitu kimoja na kuhitaji ni kingine. Aliyemfanya ahitaji alikuwa mama yake.

Mama yake, Bibi Hosiana, alikuwa kule Lutindi kwenye nyumba ileile aliyoingia alipoolewa. Alikuwa mama wa maneno. Alijua nani alimzaa nani katika kata nzima, alijua nyimbo za kanisani kwa Kishambaa zile za zamani ambazo leo hata wachungaji hawazikumbuki ubeti wa tatu, na alijua kugombeza. Kila Asnath alipopanda kumsalimia aliweka simu mezani, akaiacha irekodi. Bibi Hosiana hakujali simu. Alisimulia, aliimba, aligombeza kuku, akarudi kwenye simulizi palepale alipoachia. Asnath akapata sauti arobaini na moja.

Halafu kiharusi kikampiga Bibi Hosiana upande wa kulia, na ulimi ukafa pamoja na mkono. Alibaki na macho tu. Asnath alikaa naye wiki tatu. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, akamwekea kwenye simu sauti yake mwenyewe akiimba. Bibi Hosiana akageuza shingo. Midomo ikaanza kufuata. Sauti haikutoka, lakini midomo ilifuata wimbo neno kwa neno hadi mwisho, na ulipokwisha akamtazama binti yake kwa namna ya kusema, rudia. Muuguzi aliyekuja kumwona akasema endeleeni hivyohivyo, kila mnapopata nafasi, huenda njia ikafunguka. Tangu siku ile Asnath akajua kwamba ana dawa mkononi, nayo iko ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha.

Na kadi ikaharibika. Simu ikaandika kwamba kadi haisomeki, je, isafishwe? Jamaa wa kibanda cha kurusha nyimbo pale sokoni akamwambia, "Mama, wewe bonyeza ndiyo, itakaa sawa." Ushauri wa bure, na thamani yake ndiyo hiyohiyo. Asnath hakubonyeza. Alipanda gari asubuhi ya pili hadi Handeni, kwa Jabiri, na Jabiri akashinda na ile kadi kutwa hadi akazitoa zote arobaini na moja.

"Dada Asnath," akamwambia akimkabidhi zikiwa kwenye flashi ya kuazima, "shika neno hili. Kitu kilicho mahali pamoja, kihesabu hakipo. Kikiwa mahali pawili, kipo nusu. Kikiwa patatu, unaweza kwenda zako kulima."

Asnath aliandika maneno hayo kwenye daftari. Mwaka ule, Mzee Awadhi alipouliza kama kawaida yake ni kanga ya rangi gani ampe ya Krismasi, akasema hataki kanga, anaomba lile boksi la kompyuta lililotupwa stoo. Mzee Awadhi akacheka mpaka akavua miwani. "Chukua," akasema, "na kanga nitakupa vilevile, usije ukatembea uchi kwa ajili ya kompyuta."

Basi ndivyo ilivyoanza. Boksi la stoo. Diski mbili zilizotumika, alizonunua kwa Jabiri baada ya kuuza jogoo na majike manne. Ruta kuukuu iliyoachwa na mpangaji aliyehama. Diski alizining'iniza ndani ya boksi kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili zisitetemeshane, maana Jabiri alisema diski huuawa na mambo mawili, mtikisiko na joto. Ubavu wa boksi aliuacha wazi, akaushonea chandarua cha waya ili mende na mijusi wasiingie. Lote akalipandisha juu ya matofali mawili, kona ya chumba, mkabala na dirisha, upepo ulipokuwa unapita. Mfumo wa kuendeshea alipewa na Jabiri kwenye flashi, ule wa bure. Ulimchukua miezi miwili, kwa kioo cha kompyuta cha kuazima, herufi moja moja, na mara tatu alianza upya.

Kazi ya mashine ile ni rahisi kueleza. Ni ghala. Unachokiweka ndani kinakaa kwenye diski zote mbili kwa pamoja, moja ikifa nyingine inacho. Sauti za mama yake alizihamishia humo zote, ile flashi akairudisha kwa Jabiri ikiwa tupu, na kwenye simu akawa anaweka moja moja ya kumpelekea mama, kisha anaifuta ili apate nafasi. Na aliye karibu mwenye simu anaweza kukifungua akakitazama bila kununua bando, kwa sababu hakitoki mbali, kinatoka chumbani kwa Asnath.

Ni rahisi kueleza, lakini si kwa watu wa Kilole. Habari kwamba Mama Enock ana waifai ya bure ilitembea kabla yeye hajamaliza kufunga ruta. Mustapha, mume wa Zamda, alikuja akaegemea ukuta wa nyuma na simu yake kuanzia saa tisa alasiri.

"Shemeji, mbona imeshika lakini haifungui?"

"Unataka kufungua nini?"

"Mpira."

"Mpira haina. Ina nyimbo, ina mahubiri, ina picha za harusi, ina masomo ya ushonaji."

"Haina intaneti?"

"Haina."

Mustapha akautazama ukuta, akaitazama simu. "Sasa shemeji, hiyo siyo waifai. Hiyo ni moshi bila nyama."

Akaondoka, na maneno yake yakaondoka naye. Kwa mwezi mzima Asnath alikuwa moshi bila nyama. Wanawake kisimani waliulizana kama amepika leo. Wale walewale walikuwa wakinunua bando kila asubuhi ili wamtazame mwanamke wa Dar akisonga ugali, kana kwamba ugali ni jambo jipya, na jioni bando likiisha wanalalamika maisha magumu. Asnath alipita katikati yao na ndoo, akawasalimia mmoja mmoja. Kitabu kinasema msihukumu, naye hakuhukumu. Alihesabu tu.

Kilichogeuza mambo ni kwaya. Asnath aliimba sauti ya pili katika kwaya ya wanawake ya usharika wao, na alikuwa mtunza vifaa, yaani mbeba spika. Pole pole alianza kuwaomba wenzake wampe video walizokuwa nazo kwenye simu: Pasaka ya mwaka fulani, mashindano ya mwaka fulani, siku waliyovaa sare za zambarau zilizochuja. Akaziweka kwenye mashine kwa mpangilio wa miaka. Jumamosi moja wanakwaya wawili walikuja kuchukua spika, akawafungulia. Wakajiona wakiwa wembamba. Jumamosi iliyofuata walikuja saba, wakajaa barazani, kila mmoja na simu yake, wanacheka, wanalia, wanaonyeshana marehemu. Hata Zamda akaleta mkeka.

Habari hizo zikamfikia Habakuki.

Habakuki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya habari na vyombo ya usharika. Alikwenda Dar kusoma chuo, akarudi na suruali zilizobana na maneno yaliyolegea. Awali, Asnath alipomwambia kuna haja ya kutunza kazi za kwaya, alimjibu mbele za watu, "Mama, hizo ni fikra za zamani. Siku hizi vitu havitunzwi kwenye maboksi. Vinatunzwa mawinguni. Mimi nimeshaziweka zote mawinguni."

Asnath amekulia Lutindi. Mawingu anayajua. Yanakuja alfajiri yamejaa mlangoni, saa nne huyaoni, na mvua wamekunywa watu wengine. Lakini alijiambia kwamba huenda ya wasomi ni tofauti. Hayakuwa tofauti. Ilikuja kujulikana kwamba mawingu ya Habakuki yalikuwa mfuko wa nyuma wa suruali yake, kwa sababu simu ilipomtumbukia chooni, kazi zote za kwaya za miaka minne zilitumbukia nayo. Hakusema. Kwaya ilijua tu ilipomwona anachangisha simu nyingine.

Mtu wa namna hiyo, ungedhani angeona haya. Badala yake aliitisha kikao. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema kamati imebaini kwamba mama yetu Asnath amefanya kazi kubwa kwa karama aliyopewa, na kwamba haifai mali ya kwaya ikae chini sakafuni, katika chumba cha kupanga, kwa mfagiaji.

Neno hilo la mwisho alilitamka kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mwenzake kiti.

"Kwa heshima ya kazi hii," akasema, "kamati imeamua mashine ihamie nyumbani kwangu, sebuleni, mahali pa hadhi."

Watu wakapiga makofi. Asnath alijua angepaswa kusimama na kusema hapana. Sauti za mama yake zilikuwa mle. Lakini kusimama na kukataa heshima mbele ya wazee wa kanisa ni jambo ambalo hakufundishwa, na makofi yalikuwa mengi. Akajiambia kwamba diski ziko mbili. Akajiambia kwamba kwa Habakuki umeme haukatiki ovyo. Alichosema ni hiki tu: "Naomba iwekwe wazi, kwenye upepo. Na ndani humo msiguse. Kuna sauti za mama yangu."

"Mama," Habakuki akasema akitabasamu, "sisi tumesoma."

Wiki ya pili Asnath akaenda kuitazama. Sebule ya Habakuki ilikuwa ile ambayo mgeni haruhusiwi kukalia kochi bila kutandikiwa. Kila kitu kilikuwa kimevishwa. Redio ilivaa kitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, jagi la maji lilivaa kitambaa chenye shanga. Mke wa Habakuki, Loveness, alikuwa bingwa wa kufuma, mwanamke mpole, na mikono yake ilikuwa haiwezi kuona kitu kimekaa uchi.

Mashine ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya vioo, kati ya glasi za harusi na birika ambalo halijawahi kuonja chai. Kabati limefungwa kwa ufunguo. Mashine imevishwa kitambaa cheupe kipya, kizito, kilichofumwa MUNGU NI MWEMA kwa uzi mwekundu, kikashuka hadi chini pande zote nne kama gauni la ubarikio. Juu yake chombo cha maua ya plastiki.

Asnath akaomba afunguliwe kabati.

"Loveness mwanangu, hii inataka hewa."

"Shikamoo mama. Inapata. Kila Jumamosi nafungua kabati nafuta vumbi."

"Marahaba. Inataka hewa kila saa. Ina joto ndani. Shika hapa."

Loveness akashika, akatabasamu. "Si vizuri? Imelala pazuri, haipati baridi."

Asnath akakivua kitambaa kwa mikono miwili, akakikunja kwa adabu, akaomba kabati liachwe wazi. Loveness akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Huyu hakuwa mtu wa kumbishia mkubwa. Akamsindikiza Asnath hadi barabarani, akarudi ndani, akaiona mashine imekaa vile, bati tupu na nyaya nje nje mbele za wageni, akaona aibu kwa niaba yake. Akaivisha, akafunga kabati, akaondoa ufunguo.

Zamda, aliposimuliwa, alitingisha kichwa. "Sisi tulikutukana, ikawa nzima. Hao wanaiheshimu hivyo, shoga yangu, utaikuta maiti."

Ilichukua siku tisa nyingine. Ijumaa mchana Habakuki akapiga simu, sauti imepungua mbano. "Mama, ile mashine yako imezima." Ilipokuwa hai ilikuwa ya kwaya.

Asnath alienda na bisibisi yake. Kitambaa alikikuta kimenyooshwa vizuri. Alipotoa boksi ilibidi alishike kwa kanga. Ndani, mpira wa baiskeli ulikuwa umeyeyuka ukawa ulimbo mweusi, diski imeanguka juu ya bati, ina moto wa chapati iliyotoka kikaangoni. Diski moja. Mahali pa ile ya pili palikuwa na mipira miwili iliyokatwa kwa mkasi.

"Ile nyingine?" akauliza.

"Ile niliitoa siku nyingi," Habakuki akasema. "Niliichunguza nikakuta ina vitu vilevile vilivyomo kwenye hii. Vilevile kabisa mama, kimoja kwa kimoja. Nikaona ni uharibifu wa nafasi. Nikaifuta, nikaweka harusi ya shemeji yangu na filamu za watoto."

"Ukaijaza?"

"Imejaa vizuri sana."

Asnath alimtazama mtu yule. Alikuwa amekaa kwenye kochi lililotandikwa, mguu juu ya mguu, na usoni hakuna hata tone la shaka. Chuo miaka mitatu. Akaomba mfuko. Loveness akamletea mfuko, na alikuwa analia, ingawa hakujua bado amefanya nini.

Zamda ndiye aliyesema, jioni ile, akigeuza vitumbua. "Kwa hiyo kakuta vitu viwili vinafanana, akatupa kimoja. Mbona ana macho mawili na yote yanaona vilevile? Ang'oe moja aweke shanga."

"Usiseme hivyo, Zamda."

"Sisemi. Namwombea."

Kesho yake asubuhi Asnath alikuwa Handeni na diski zote mbili. Ile ya filamu alikwenda kuichukua mwenyewe, wala hakuomba ruhusa. Jabiri aliweka sikio kwenye ile iliyoungua kama daktari wa kifua. Ikafanya kro, kro, kro. Akafumba macho.

"Nani kaifunika?"

"Watu wenye heshima zao."

Jabiri alifanya kazi hiyo siku mbili. Asnath alilala kwao, na mke wa Jabiri, Faudhia, alimlisha na kumfariji kwa njia yake, yaani kwa kumwambia habari za watu waliopata hasara kubwa zaidi. Ile diski ya filamu Jabiri aliikatia tamaa saa ya kwanza. Palipoandikwa juu yake, akasema, hapasomeki tena, ni kama shamba lililolimwa, huwezi kusoma nyayo za jana. Ile iliyoungua aliipoza, akaisikiliza, akaipoza tena, akavuta kimoja kimoja.

Siku ya pili alasiri akamwita. Kazi za kwaya zilikuwa zimetoka karibu zote. Sare za zambarau, mashindano, Pasaka, kila mtu na wembamba wake. Sauti za Bibi Hosiana zilikuwa zimekaa upande wa diski ulioungua. Kati ya arobaini na moja zilitoka sita. Katika hizo sita, tatu zilikuwa kuku tupu. Nyingine ilikuwa mlango unafunguliwa. Mbili zilikuwa na Bibi Hosiana mwenyewe: katika moja anauliza chumvi iko wapi, katika nyingine anaanza wimbo, anafika mstari wa pili, unakatika.

"Zile ulizonitolea kwenye kadi, wewe hukubaki nazo?" Asnath akauliza, ingawa jibu alilijua.

"Vitu vya mtu sibaki navyo bila ruhusa yake, dada. Ndivyo nilivyofundishwa. Leo natamani ningekuwa mwizi."

"Nilikuwa nazo mahali pawili," Asnath akasema.

"Boksi moja, dada. Boksi moja ni mahali pamoja."

Hapo alijidharau yeye kwanza, kabla ya Habakuki. Darasa la saba linatosha kabisa kuhesabu hadi tatu.

Hakurudi Kilole moja kwa moja. Alipita Korogwe akapanda Lutindi, akaketi kitandani kwa mama yake, akamwekea ule wimbo. Midomo ikafuata mstari wa kwanza, ikafuata wa pili. Simu ikanyamaza. Midomo ikabaki wazi, inasubiri. Asnath akaanza kuuendeleza kwa sauti yake, lakini Bibi Hosiana akafumba mdomo. Hakutaka kuimbiwa. Alikuwa anaitafuta sauti yake.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, Habakuki alisimama kwenye matangazo akiwa na tai mpya. Akasema Bwana ametenda makuu. Akasema kulitokea hitilafu ndogo ya kiufundi, lakini kwa juhudi za kamati kazi zote za kwaya zimepatikana salama. Watu wakapiga makofi, na wengine vigelegele. Akasema kamati imeazimia mashine irudi mahali pake pa hadhi, na kwamba mke wake Loveness kwa moyo wa upendo ameshafuma kitambaa kingine, kikubwa zaidi.

"Sasa," akasema, "tumpe nafasi mama yetu Asnath atoe neno la shukrani."

Asnath akainuka kutoka safu ya sauti ya pili. Aliwatazama. Wapo waliomwita moshi bila nyama, na leo wanampigia makofi kwa sababu wamejiona wembamba. Yupo yule mwenye tai. Yupo mkewe mwenye kitambaa mapajani, kimekunjwa, na macho chini. Angeweza kusema mengi, na kanisa zima lingesikia, na siku hiyo Habakuki asingepata pa kuweka uso. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba anayasubiri. Lakini kumwaibisha Habakuki kusingemrudishia Bibi Hosiana hata neno moja, na hapo mbele yake kulikuwa na mabegi na mifuko zaidi ya mia, na katika kila kimoja simu.

"Bwana Yesu asifiwe," akasema.

"Amina."

"Nina ombi moja. Ile Pasaka tuliyopanda Lutindi kuimba, kabla mama yangu hajaugua, aliwasalimia, akawaambia mnaimba kwa pua, na wengi wenu mlikuwa mmeinua simu. Mwenye sauti yake, hata kama anakohoa tu, naomba aniletee kabla hajabadilisha simu."